Mwalimu Emerensiana na Kikundi Kilichobaki Nje ya Mtihani

Tunaanza kwa kuwaomba radhi wasomaji wa jarida la walimu wa Shule ya Sekondari Kanyelele. Jarida halikutoka mwezi wa tano wala wa sita, na baadhi ya wazazi na wanafunzi wetu wa zamani wameuliza kama limekufa. Halijafa. Ofisi ya walimu ilikuwa na jambo moja tu la kuzungumza, na juu ya jambo hilo hawakupatikana watu wawili waliokubaliana kiasi cha kutia sahihi chini ya ukurasa mmoja. Leo tunaandika kwa sababu tarehe imetulazimisha.

Mwalimu Emerensiana Kasonso, mwalimu wetu wa Hisabati, anastaafu tarehe 31 Julai baada ya utumishi wa miaka thelathini na saba, na zaidi ya nusu ya miaka hiyo ameitumia hapa Kanyelele. Wasifu wa mstaafu kwa kawaida husifu na kuchekesha. Tutasifu panapostahili. Kuchekesha tutajaribu, lakini msomaji asitarajie mengi, kwa kuwa Mwalimu anaondoka akiwa ameiomba Bodi ya Shule jambo moja, na Bodi haijamjibu. Ameomba aruhusiwe kubaki na Kidato cha Pili, bila malipo, hadi upimaji wa kitaifa wa mwezi Novemba, na darasa hilo lirudishwe katika vikundi. Tutaeleza vikundi hivyo ni nini, kwa nini vilivunjwa, na kwa nini mwanamke wa umri wa kupumzika anaomba kazi isiyo na mshahara.

Alizaliwa Mpimbwe, jirani na Kibaoni, katika nyumba ya wakulima wa mpunga. Alisomea ualimu Tabora, akashuka katika stesheni ya Mpanda wakati Mpanda ingali wilaya ya Mkoa wa Rukwa, na kituo chake cha kwanza kilikuwa shule ya msingi katika makazi ya wakimbizi ya Katumba. Watoto wengi aliowakuta huko walizungumza Kirundi nyumbani. Yeye hakujua Kirundi. Alikuwa akieleza kugawanya kwa Kiswahili, anaona nyuso tatu zimeelewa na nyingine zote zinamtazama kwa heshima tu. Alichofanya ni kuwainua wale watatu na kuwakalisha katikati ya wenzao, kisha akanyamaza. Husema kuwa siku hiyo hakufundisha kitu, na darasa likajifunza.

Namna ya kuwapanga aliitoa shambani kwao. Majirani wanapolimiana kwa zamu, huingia shambani kwa mstari mmoja, na mwenye jembe zito hawekwi pembeni. Huwekwa katikati, kati ya wawili wenye nguvu, ili wamchukulie sehemu ya tuta lake bila kumwaibisha. Togwa, kinywaji cha unga wa nafaka, huwa imekaa kivulini, na hainywewi mpaka wa mwisho afike mwisho wa tuta. Mwenye kiu hana njia nyingine ila kumsaidia mwenzake.

Alipohamia sekondari, aliuleta utaratibu huo pamoja naye. Kila kikundi kilikuwa na watu watano: mwepesi, mzito, na wengine wa kati, na mara nyingi mtoto wa mjini Nsemulwa alikaa na mtoto wa mfugaji na mtoto wa Katumba. Kazi ilitolewa kwa kikundi. Muda ukiisha, Mwalimu alimwita mtu mmoja ubaoni, yeyote, bila taarifa, na alama za huyo ndizo zilizokuwa alama za wote. Kabla ya kuita, aliuliza kama wako tayari, na kama yupo ambaye hajaelewa, kikundi kilijibu kwa sauti moja: “Togwa bado!” Basi anawaongezea muda.

Kelele zilikuwa nyingi. Mwalimu Masunga, wa Kemia, ambaye ukuta wake unapakana na wa Mwalimu Emerensiana, alivumilia muhula mmoja, kisha akaenda kusimama mlangoni.

“Mama, hili ni darasa au mnada wa ng’ombe?”

“Karibu ndani,” alijibu bila kugeuka. “Ila hapa hatuuzi mmoja mmoja.”

Darasa lilicheka, na Mwalimu Masunga, ambaye amekulia minadani, alicheka pia, akarudi kwake na kufunga dirisha.

Mzazi aliyekuja kwa hasira zaidi ni Mzee Gaspar. Mwanawe Maiko ndiye kijana mwepesi kuliko wote tuliowapokea mwaka jana, na alikuwa na tabia ya kumaliza swali, kulifunika kwa mkono na kutazama dari. Mwalimu alimwita ubaoni Heri, wa kikundi kile kile, mtoto wa Katumba asiyependa kuuliza. Heri alikwama, na Maiko akapata sifuri ya kwanza maishani mwake. Kesho yake baba alifika na baiskeli hadi mlango wa ofisi.

“Mwanangu anajua hesabu,” alisema. “Sifuri ya mtoto wa mwenzangu inafuata nini kwenye daftari lake?”

“Baba Maiko, kwenu mkilimiana, mmoja akabaki nyuma, nyie mnakunywa togwa?”

“Hatunywi. Tunamngoja.”

“Mnamngoja mmekaa?”

Mzee Gaspar alifikiri. “Tukikaa si jua litatukuta? Tunarudi tunamshika mkono.”

“Basi mwanao alikuwa amekaa.”

Alikunywa chai, akaondoka. Kuanzia wiki hiyo Maiko aliacha kufunika daftari. Kufikia mwisho wa mwaka Heri alikuwa akiita wenzake kwa mkono ili awaonyeshe yeye alivyopata jibu, na mara mbili alipata njia fupi kuliko ya Maiko. Tumeyaona haya kwa macho. Hatuandiki sifa za kusimuliwa.

Tutaje pia semina ya ufundishaji shirikishi, iliyofanyika mjini Mpanda. Wawezeshaji walitueleza faida za vikundi kuanzia asubuhi hadi jioni, na sisi tukiwa tumepangwa kwa safu kama tuko kanisani. Siku ya pili Mwalimu Emerensiana alinyoosha mkono, akauliza kwa upole, “Na sisi tutakaa vikundi saa ngapi?” Mwezeshaji alisema muda hautoshi.

Baada ya hapo hatuna la kuchekesha.

Mwezi wa tano shule yetu ilishiriki mtihani wa ujirani mwema. Kwa wasiojua, huo ni mtihani unaotungwa na shule kadhaa kwa pamoja, na walimu hubadilishana vituo vya kusimamia ili pasiwe na upendeleo. Mwalimu Emerensiana alipangiwa kusimamia kwingine. Kwetu aliletwa Mwalimu Kasimu, mtu makini, ambaye hakuwa amewahi kuwaona wanafunzi wetu.

Katika kikundi cha Maiko na Heri alikuwamo msichana anayeitwa Dina. Kwao ni Kibaoni. Wakati wa masomo hukaa Nsemulwa kwa shangazi yake, Helena. Wiki hiyo alikuwa amekwenda kwao kumsaidia mama yake, aliyekuwa mgonjwa, kuamia ndege kwenye mpunga uliokuwa unaiva, na alitakiwa kurudi na basi la alfajiri siku ya mtihani wa Hisabati. Basi lilipata pancha ndani ya hifadhi, mahali ambapo abiria hawaruhusiwi kuzurura barabarani kwa sababu ya tembo. Dina aliazima simu ya kondakta, akampigia shangazi. Shangazi alikuwa mtu mwema. Alitoka mbio hadi getini, akawakuta wale wanne wa kikundi cha Dina.

“Dina yuko njiani,” aliwaambia. “Gari limepata pancha tu.”

Kengele iligonga saa mbili. Darasa zima liliingia isipokuwa wanne hao, ambao walikaa barazani, migongo ukutani. Mwalimu Kasimu aliwatokea mlangoni.

“Ingieni, nyie watoto. Mtihani umeanza.”

“Mwenzetu hajafika, Mwalimu,” alisema Maiko.

“Mwenzenu ana karatasi yake. Wewe una yako.”

“Yuko njiani. Atafika sasa hivi.”

Aliwaita tena. Aliwaita kwa mara nyingine akiwaonyesha saa yake ya mkononi, akawaeleza kwamba nusu saa ikipita kanuni haimruhusu kumwingiza mtu. Heri alimjibu kwa adabu kabisa kwamba wanajua. Nusu saa ilipita, Mwalimu Kasimu akafunga mlango. Hakukosea. Tumeulizwa mara nyingi kama msimamizi alikosea, na jibu letu ni hapana.

Dina alifika mtihani ukikaribia kwisha, akikimbia, mfuko wa nguo begani. Mlinzi wa shule, aliyekuwapo, ndiye aliyetusimulia. Dina aliwakuta wenzake wamekaa nje, uso wake ukafurahi.

“Mmemaliza mapema hivi?”

“Hatujaanza,” alisema Maiko. “Tulikuwa tunakungoja wewe.”

Mlinzi anasema msichana aliuweka mfuko chini na kukaa juu yake. Wenzake walidhani amechoka na safari. Mmoja alimpa maji.

Wote watano walipata sifuri katika Hisabati. Maiko, ambaye shule nzima ilimtegemea, alikuwa mmoja wao. Wastani wetu ulianguka, tukawa wa mwisho kati ya shule zote zilizoshiriki. Mkuu wetu, Mwalimu Makarius, aliitwa ofisi ya elimu kujieleza, akaitwa tena. Aliporudi mara ya pili alimkuta Mwalimu Emerensiana peke yake ofisini, akavuta kiti.

“Mama, niwaeleze nini? Kwamba walikuwa wanamngoja mwenzao?”

“Waeleze hivyo hivyo.”

“Nimewaeleza. Wamecheka.”

Siku iliyofuata madawati ya Kidato cha Pili yaligeuzwa. Mkuu alisimamia mwenyewe, akatamka kwamba tangu leo kila mtu dawati lake na kila mtu akili yake. Hatumlaumu kwa hasira. Ni mtu aliyechekwa akiwa anasema kweli.

Kwa muda wa wiki chache ofisi yetu iligawanyika. Wapo waliosema vikundi vinalea uvivu na sasa vimelea ukaidi. Wapo waliosema watoto wanaokubali kupata sifuri kwa ajili ya mwenzao hawajaharibika. Hoja zote mbili zilikuwa na watu wenye akili. Wakati huo darasa lilikuwa kimya. Mwalimu Masunga alifungua dirisha lake, na baada ya siku mbili akasema hapendi anachokisikia, kwa sababu hasikii kitu.

Mwalimu Emerensiana aliendelea kufundisha kwa safu kama alivyoagizwa. Hakunung’unika na hakudokeza. Asubuhi moja alikuwa akiandika ubaoni, akamsikia Heri, kwa sauti ya chini, akimwomba Maiko amweleze hatua ya pili. Maiko hakugeuza shingo.

“Kaa kwako,” alisema.

Mwalimu aliweka chaki, akakaa kwenye kiti chake hadi kengele. Katika miaka yote tuliyofanya naye kazi hatukuwahi kumwona amekaa wakati wa kipindi. Maiko anaongoza darasa sasa. Heri amerudia hali yake ya zamani, ya kuitikia kwa kichwa na kurudisha karatasi tupu. Wengine wanaelekea huko, mmoja baada ya mwingine, na hakuna anayewapigia kelele kwa kuwa wako kimya na wamekaa sawasawa.

Dina hakuja tena shuleni. Shangazi yake alisema anaumwa kichwa, kisha akasema amekwenda kwao, kisha akasema ukweli: mtoto haoni njia ya kuwatazama wenzake usoni.

Mwalimu alipanda basi Jumamosi moja kwenda Kibaoni. Alimkuta Dina akianika mpunga kwenye turubai, akiugeuza kwa miguu. Mama yake, ambaye alikuwa amepona, alileta kigoda na kuwaacha. Mazungumzo yao Mwalimu alitusimulia mara moja tu, na tunayaandika kama alivyoyasema.

“Umekuja kunichukua, Mwalimu?”

“Nimekuja kukuuliza.”

“Nikirudi nitakaa na nani?”

“Utakaa kwenye dawati lako.”

“Na kina Maiko?”

“Nao kwenye yao.”

“Kwa hiyo peke yangu.”

Mwalimu Emerensiana angeweza kumdanganya. Ni mwalimu, na mwalimu ana maneno mengi ya kumrudisha mtoto darasani. “Kwa sasa, peke yako,” alisema.

Dina aligeuza mpunga hadi mwisho wa turubai, akarudi. “Basi acha nimalize huu kwanza.”

Mpunga ule umeshakwisha kuanikwa. Dina bado yuko Kibaoni.

Ndipo Mwalimu alipopeleka ombi kwenye Bodi. Bodi ilikutana katikati ya mwezi huu, ikamwita. Mwenyekiti alimuuliza kosa lilikuwa la nani.

“Langu,” alijibu. “Niliwafundisha kungoja. Sikuwafundisha mahali pa kuishia.”

“Kama ni lako, kwa nini turudishe vikundi?”

“Kwa sababu watoto hawa wataingia chumba cha mtihani Novemba kila mmoja akiwa peke yake, na lazima waingie wakiwa wanajua. Mambo haya mawili, kungojana darasani na kuingia mtihani peke yako, nilipaswa kuwaeleza pamoja. Nipeni hadi Novemba niwaeleze.”

“Na yule msichana wa Kibaoni?”

“Nikimwambia kikundi chake kipo, nadhani atarudi. Nikimwambia hakipo, sitakwenda kumsumbua tena.”

Mjumbe mmoja aliuliza kwa nini mwalimu mwingine asifanye kazi hiyo. Sisi walimu tulikuwa tumealikwa kusikiliza, na tulikuwa wengi kwenye yale mabenchi. Kazi ya vikundi hutaka mtu apange usiku na akubali kelele mchana, na baada ya mwezi wa tano inataka pia mtu asiyeogopa kuitwa kujieleza. Kila mmoja wetu alitazama mbele, hakuna aliyenyoosha mkono.

Bodi ilisema jambo ni zito, kwamba haijui kama mtu aliyestaafu anaruhusiwa kubaki darasani, kwamba itauliza. Tarehe ya kikao kingine haikutajwa.

Hii ndiyo hali ilivyo leo tunapomuaga. Tungependa kuwaambia wasomaji kwamba tuna matumaini. Tumewahi kuona maombi yakisubiri majibu katika shule hii, na ombi likipelekwa kuulizia kanuni hurudi limechelewa au halirudi. Upimaji una tarehe yake na hautasogezwa. Kila wiki inayopita, Heri anasahau kidogo zaidi ya kile alichokuwa akiwaonyesha wenzake. Mtu anayesoma wasifu huu mwakani huenda akakuta darasa la safu zilizonyooka, na asijue kwamba palikuwa na kitu kingine.

Alichokifanya kabla ya hapo kipo. Miongoni mwa wanafunzi wake wa zamani wamo muuguzi, fundi umeme, walimu wawili wa Hisabati katika mkoa huu huu, na wakulima wengi wanaojua kupiga hesabu ya mbolea wenyewe na kumfundisha jirani. Hawa walipitia mikononi mwake, wakiwa wamekaa watano watano. Hilo haliwezi kugeuzwa kwa kusogeza madawati.

Mwalimu Emerensiana, tunakushukuru kwa kufundisha, kwa kukubali kosa mbele ya Bodi pasipo kulitafutia mtu mwingine, na kwa kutomdanganya Dina. Tunakutakia afya, nyumba tulivu pale Nsemulwa, na usingizi usiokatizwa na kengele. Tunajua hujafungasha vitabu vyako, na hatujakuomba ufungashe. Kabati lako halitapewa mtu.

Uamuzi ukitoka, tutakuandikia siku hiyo hiyo, na nakala itakwenda Kibaoni. Ukiwa ni wa kukubali, tutaandika kwamba wamekubali. Ukiwa ni wa kukataa, tutaandika kwamba wamekataa, kwa neno hilo hilo, na chini yake tutaandika majina yetu sisi tuliokaa kwenye mabenchi.